Kushuka ndiyo ngoma: miezi yangu ya kupunguza predinisoloni

Miezi niliyokuwa mgonjwa kuliko yote ndiyo miezi niliyosifiwa kuliko yote. Hapa Magomeni, Mtwara mjini, mwanamke akijaa mashavu huambiwa amenawiri, na yangu yalijaa mpaka macho yakabaki vijistari. Wateja walikuja barazani kuchukua nguo zao wakaniachia pongezi. "Fundi, ndoa imekukubali!" "Fundi, korosho za mwaka huu umezila peke yako?" Wakati huo figo zangu zilikuwa zinamwaga protini kwenye mkojo, na kila asubuhi nilikuwa nameza vidonge kumi na viwili vya predinisoloni, dawa ya jamii ya steroidi inayotuliza kinga ya mwili. Dawa ilipopunguzwa, uvimbe ukaisha na mwili ukaanza kurudi kwenye hali yake. Hapo ndipo watu wale wale walipoanza kuulizana pembeni: fundi ana nini, mbona anaisha?

Kuhusu kuianza dawa nilielezwa vizuri. Kuhusu kuishuka nilielezwa pia, siwezi kumsingizia daktari, ila kuambiwa "utachoka kidogo" ni jambo moja, na kuamka alfajiri magoti yamegoma ni jambo lingine. Wahenga walishasema, kupanda mchongoma, kushuka ndiyo ngoma. Ya kupanda nitayapitia haraka.

Ugonjwa ulianza Oktoba, msimu wa korosho. Kope zilivimba asubuhi, jioni uvimbe ukahamia miguuni, kandambili zikaniachia alama, na mkojo ukawa na povu lisilokatika. Jirani mmoja aliniambia nimekanyaga kitu cha watu. Hospitali walikuta protini nyingi kwenye mkojo, albumini, yaani protini ya damu, imeshuka, lehemu imepanda. Nikapewa rufaa kwenda Dar es Salaam kwa daktari wa figo, wakachukua kipande kidogo cha figo kwa sindano, nikarudi Mtwara na jina refu la ugonjwa pamoja na maelekezo ya dawa: miligramu 60 kwa siku. Vidonge nilivyopewa ni vya miligramu 5, ndiyo maana vilikuwa kiganja kizima. Kabla ya kuanza nilimezeshwa aivamektini, dawa ile ile tunayogawiwa kwenye kingatiba ya matende na mabusha. Daktari alisema kuna mnyoo mdogo wa ardhini unaoingia kupitia ngozi ya miguu na kukaa mwilini miaka mingi bila kelele. Kinga ya mwili ikishushwa kwa steroidi, mnyoo huo huzaana bila mpaka na unaweza kuua. Sisi tuliokulia mchangani bila viatu hatukuwa na la kubisha.

Baba watoto aliichukia dawa hii tangu wiki ya kwanza, alipoona uso wangu unabadilika. Mimi sikuichukia wala sasa siichukii. Dawa za jamii hii zilijaribiwa kwa mara ya kwanza kwa mgonjwa wa baridi yabisi huko Marekani mwaka 1948, mtu aliyekuwa hawezi kutembea akatembea, na mwaka 1950 watafiti watatu, Hench, Kendall na Reichstein, wakapewa tuzo ya Nobel kwa kazi hiyo. Povu kwenye mkojo wangu lilikatika. Miguu ikarudi kuwa miguu. Yanayofuata hapa chini ni deni la manufaa hayo, na deni lazima lilipwe taratibu.

Kwenye dozi kubwa kilichonitesa kwanza ni usiku. Saa tisa za usiku niko macho, kichwa kinakwenda mbio, nikaona bora niwashe taa nishone. Kanzu nyingi za msimu ule nilizimaliza wakati mji umelala. Njaa nayo ilikuwa si ya kawaida: namaliza sahani ya wali na mbaazi, nusu saa baadaye namtuma mtoto stendi akaninunulie ming'oko. Mikono ilitetemeka kiasi kwamba uzi uliingia kwenye tundu la sindano kwa kubahatisha. Hasira zikawa karibu karibu. Na mapaja yakaisha nguvu, jambo ambalo watu hawalisemi kwa aibu, lakini anayetumia choo cha kuchuchumaa atanielewa: kushuka ni rahisi, kuinuka unatafuta ukuta. Daktari alisema dawa inakula misuli ya mapaja na mabega, akanipa zoezi la kukaa kitini na kuinuka bila kushika kitu, asubuhi na jioni. Lilionekana la kitoto. Ndilo lililonirudishia heshima chooni.

Kwa kuwa ni fundi, mwili wangu niliusoma kwenye mishono. Huwa naacha akiba ya kitambaa ubavuni kwa mtu yeyote ninayemshonea, hata kama hajaniomba, na madera yangu mwenyewe niliyaachia mara mbili mpaka akiba ikaisha. Unene wenyewe haukukaa sawasawa. Tumbo, mashavu, na kinundu nyuma ya shingo kilichofanya kola zangu zote zisimame vibaya. Mikono na miguu ilibaki myembamba. Mtu akiniambia nimenenepa nilikuwa najua futikamba inasema kitu kingine.

Sasa kushuka. Siku daktari alipotaja kupunguza dozi nilifurahi nikamwuliza kwa nini tusiache tu, kwa kuwa mkojo ni safi. Akanichorea figo mbili, na juu ya kila figo akachora kitu kidogo cha pembe tatu. Hizo ni tezi za adrenali, akasema. Ndizo zinazotengeneza kotisoli, homoni inayokuamsha asubuhi, inayoshikilia sukari na presha visianguke, inayokusimamisha unapougua au kupata mshtuko. Predinisoloni ni ndugu wa hiyo kotisoli. Ubongo ukiona iko tele kwenye damu, unaacha kuziagiza tezi zifanye kazi. Akaangalia cherehani iliyochorwa kwenye begi langu akasema: "Dada, ni kama umeleta fundi mgeni hodari, anashona kila kitu. Wale vijana wako wa dukani wamekaa miezi, mikono imeota kutu. Ukimfukuza mgeni leo, kesho wateja wamejaa barazani na hakuna anayejua kukata hata mfuko wa shati." Mtu aliyetumia dawa hizi kwa wiki tatu au nne na kuendelea, akasema, asiziache ghafla hata siku moja, hata kama zimeisha duka zima.

Akaniongezea hesabu moja iliyonisaidia kuliko mchoro. Mwili wa mtu mzima hutengeneza kwa siku kotisoli inayokaribia nguvu ya miligramu 5 za predinisoloni. Kwa hiyo kutoka 60 hadi 20 unapunguza ziada. Hapo kinachoangaliwa hasa ni kama ugonjwa utarudi. Ukifika 10 kwenda chini unagusa kile ambacho mwili wenyewe unakihitaji ili usimame. Ngazi za juu hushukwa kwa hatua kubwa, za chini kwa hatua ndogo na kwa kusubiri.

Na kweli, huku juu nilishuka vizuri tu. Usingizi ulirudi, nikalala mpaka adhana ya alfajiri. Nilimwambia wifi yangu kwamba watu wanaikuza mno habari hii. Kuanzia 15 kuja 10 nikanyamaza.

Uchovu wa kushuka dozi haufanani na uchovu wa kazi. Uchovu wa kazi ukilala unaondoka. Huu unaamka nao, na asubuhi ndiyo mbaya zaidi, kwa sababu asubuhi ndipo mwili ulipaswa kuwa na kotisoli nyingi. Mabega, nyonga na magoti viliuma kana kwamba nimebeba magunia, na cherehani yangu ni ya miguu. Chakula kilichokuwa rafiki yangu mkubwa kikaanza kunitia kichefuchefu. Na moyo ukawa mzito. Siku moja nililia kwa sababu uzi wa bobini umeisha. Si kwamba sikuwa na uzi mwingine, ulikuwepo mezani, rangi ile ile. Binti yangu alisimama mlangoni akanitazama, akaenda kumwita bibi yake.

Mama mkwe wangu hajui tezi wala homoni. Alikuja, akaniondoa kwenye cherehani, akanikanda magoti kwa mafuta ya nazi ya uvuguvugu, na kunikataza kupokea kazi za haraka. Wateja waliponipa dawa zao za maumivu, maana kila mtu hapa mjini ana diklofenaki kwenye pochi, nilikataa. Dawa za namna hiyo zikikutana na predinisoloni tumboni huleta vidonda, tena huwa zinaumiza figo, na figo ndizo nilizokuwa natafuta kuziokoa. Nilitumia panadoli kwa kipimo, maji ya moto, na kutembea jioni mpaka ufukweni Shangani jua likishapoa. Kutembea kulisaidia zaidi ya kulala.

Ramadhani ilinikuta hapo hapo, kati ya 15 na 10. Anayejua kazi ya ushonaji anajua maana yake. Mwezi mzima watu wanataka nguo za sikukuu, na siku kumi za mwisho hakuna anayekubali kuambiwa hapana. Na mimi daktari alikuwa ameshaniambia nisifunge. Dawa inamezwa asubuhi baada ya kula, ili iende sambamba na saa za mwili na isikwangue tumbo. Figo bado zinauguzwa. Na mwili usiotengeneza kotisoli yake ukikaa na njaa na kiu kutwa nzima, sukari na presha vinaweza kushuka bila onyo. Nilikwenda kumwuliza na shehe wa msikiti wetu, si kwa kutomwamini daktari, ila nilitaka nile bila kujificha na Mungu. Akanisomea aya ya Suratul Baqara inayompa mgonjwa ruhusa ya kufungua na kulipa siku nyingine, akasema atakayejilazimisha wakati tabibu mwaminifu amemkataza hajaongeza thawabu.

Pamoja na hayo nilikula jikoni, mlango nimeurudisha. Barazani wateja wamekauka midomo, mimi nikitaka maji naingia ndani kama mwizi. Ni mama mkwe aliyenikomesha. "Mungu kakupa ruhusa," akasema, "wewe unamwogopa nani, muuza vitumbua?" Kilichonishinda kuzoea ni sala. Nikiinuka kutoka kwenye sijda, dunia ilizunguka na masikio yakavuma. Presha yangu ilikuwa inashuka kila nikisimama ghafla. Nikawa nasali nimekaa, na nilijifunza kuamka kitandani kwa awamu: nageuka ubavu, nakaa, nashusha miguu, nasubiri, ndipo nasimama.

Jambo nililolifanya ambalo ningemshauri yeyote alifanye ni daftari. Nilikuwa nalo tayari, lile la vipimo vya wateja: kifua, kiuno, nyonga, urefu wa mkono. Nikafungua ukurasa wangu mwenyewe katikati ya wateja na kuandika kila asubuhi dozi ya siku, uzito, kope zikoje, povu lipo au halipo, nini kinauma na kinaniuma kiasi gani. Sababu ni kwamba ukiwa unashuka, kila maumivu yanakutisha. Unajiuliza: huu ni ugonjwa unarudi? Ni mwili unalalamikia dozi? Au ni ile hatari waliyonionya? Kichwani mambo hayo matatu huchanganyika. Kwenye karatasi yaliachana.

Ugonjwa wangu ukirudi huanzia kwenye mkojo na kope. Hauanzi na magoti. Maumivu ya viungo na uchovu yalikuja siku chache baada ya kila hatua ya kushuka, yakapanda, kisha yakalegea kabla ya hatua inayofuata, na daftari likanionyesha mchoro huo ukijirudia. Nilipoona kwamba hatua iliyopita yalilegea, hii ya sasa niliivumilia kwa moyo tofauti kabisa. Na pale ambapo hayakulegea, nilipotoka 10 kwenda 7.5, nilimpelekea daktari ukurasa wenyewe. Hakunirudisha juu. Alinibakiza hapo hapo kwa muda mrefu zaidi, akasema ratiba imeandikwa kwa ajili ya mgonjwa, mgonjwa hakuumbwa kwa ajili ya ratiba. Kuna wagonjwa wa magonjwa mengine ambao maumivu ya viungo ndiyo ugonjwa wenyewe unarudi, mwenye baridi yabisi kwa mfano, kwa hiyo ukurasa wangu usiuchukue kama ulivyo. Mwulize daktari wako dalili za kwanza za ugonjwa wako zikirudi ni zipi, uziandike juu kabisa.

Hiyo 7.5 ni kidonge kimoja na nusu. Nilikikata kwa wembe wa kufumulia mishono, mpya, kwenye kisahani, ili vumbi lisipotee. Vyangu vilikuwa vya kawaida, vina mstari katikati. Vile vilivyopakwa ganda ili visiumize tumbo havikatwi, kwa hiyo mtu aulize duka la dawa kabla hajachukua wembe.

Chakula nacho kilibadilika. Chumvi niliipunguza tangu mwanzo kwa sababu ya figo, na kwa mtu wa pwani hilo ni pigo: ng'onda na papa mkavu nikawa nawasikia harufu kwa majirani tu. Mifupa ilihitaji kutunzwa maana steroidi huipunguza uzito wake kimya kimya, na hapa mkono wa kusini hatukosi vya kuitunza. Ufuta wa Lindi nilikaanga nikatwanga na kutia kwenye matembele, dagaa wabichi nikala na mifupa yao. Sukari ya damu iliyokuwa imepanda kwenye dozi kubwa ilishuka yenyewe kadiri dawa ilivyoshuka, lakini soda sikuirudia kwa muda mrefu, na sasa naiona tamu kupita kiasi.

Baada ya Idi, mvua za mwisho bado zinanyesha, ikaja homa.

Hii ndiyo sehemu ya kushuka niliyotaka watu waijue kuliko zote. Tangu mwanzo wa kupunguza daktari alinipa karatasi iliyoandikwa kwa herufi kubwa kwamba natumia predinisoloni kwa muda mrefu, sipaswi kuikosa, na nikitapika au kuzimia nichomwe haidrokotisoni, sindano ya kuziba pengo la kotisoli. Aliniambia pia kwamba mwili wa mtu mzima wa afya ukipata homa hutengeneza kotisoli mara dufu na zaidi, lakini wangu hautaweza, kwa hiyo siku ya homa kali dozi itaongezwa kwa maelekezo yake, si kuachwa. Watu wengi wakiugua huacha dawa zote "ili zisigongane". Kwa dawa hii hilo ni kosa linaloua.

Homa ilianza jioni, nikampigia daktari, akasema niongeze dozi na asubuhi nikapime malaria. Usiku nikaanza kutapika. Kidonge kilichotapikwa hakijamezwa, na hapo nyumbani hapana tena la kufanya. Baba watoto alichukua bajaji na ile karatasi. Nakumbuka tumbo likiuma, mikono ya baridi huku mwili una joto, na nakumbuka nikiulizwa leo siku gani nikashindwa kusema. Nesi alisoma karatasi mara moja tu. Alimwita daktari wa zamu kabla hata hawajanitoboa kidole. Nilichomwa haidrokotisoni miligramu 100, nikatundikiwa dripu ya chumvi na sukari, kisha ndipo kipimo cha malaria kikasoma chanya na nikaanzishiwa sindano za malaria, kwa kuwa vidonge vya mseto nisingeweza kuvishika tumboni. Mpaka adhuhuri nilikuwa naomba uji. Daktari wa zamu alisema malaria peke yake isingenilaza haraka namna ile.

Siku zilizofuata nilirudishwa kwenye dozi yangu ya kawaida na ratiba ya kushuka ikasimama kwanza. Mwanzoni nilisikitika, nikaona nimerudi nyuma. Lakini nilichojifunza juu ya kushuka ni kwamba kusimama hakuhesabiwi kuwa ni kurudi nyuma. Hatua ya 5, kisha ya 2.5, nilizichukua polepole sana, na ajabu ni kwamba hizo za mwisho, ambazo niliziogopa, hazikuniuma kama ile ya kati. Kabla ya kuacha kabisa nilitolewa damu asubuhi mapema, kabla ya kumeza kidonge, sampuli ikapelekwa Dar es Salaam kupimwa kotisoli. Tezi zimeamka, daktari akasema, ila bado zina usingizi machoni, na zinaweza kuchukua hata mwaka kurudi sawasawa.

Ilipofika kipupwe na ngoma za unyago zikaanza, mwili wangu ulikuwa umesharudi. Nilikwenda kwenye mkole wa mpwa wangu nimevaa dera nililolipunguza pande zote mbili. Nilidhani nimependeza. Shangazi mmoja alinishika mkono akanivuta pembeni: "Mwanangu, mbona umekwisha hivi? Umekwenda kupima?" Nilijua anauliza kipimo gani. Sikukasirika, maana alikuwa na huruma ya kweli machoni. Nilimwambia nimepima kila kitu, na kwamba ule unene aliousifu mwaka jana ndio uliokuwa ugonjwa. Hakuamini. Alisema ulinikaa vizuri.

Aliyenitisha zaidi ni mteja wangu mmoja, mama mwenye binti anayeolewa. Alikuja barazani na kitambaa cha sare, tukapatana bei, kisha akainama na kuniuliza kwa sauti ya chini nilikuwa natumia vidonge gani mwaka jana, kwa sababu binti yake ni mwembamba na angetaka ajaze mashavu kabla ya harusi. Nilicheka kwanza, nikidhani ni utani. Haukuwa utani. Kumbe vidonge vya namna hiyo vinauzwa kama dawa ya kunenepesha, deksamethasoni, steroidi nyingine ambayo kwa uzito ule ule ina nguvu mara kadhaa kuliko predinisoloni, wanavihesabu kwenye kikaratasi bila jina. Na baadhi ya krimu za kujichubua zina steroidi kali zinazopenya ngozini, zikipakwa mwili mzima miezi mingi nazo hulaza tezi zile zile. Wasichana wanaotumia hivi hawana karatasi kwenye pochi. Siku ya homa hakuna nesi atakayejua cha kutafuta.

Nilimwonyesha yule mama ukurasa wangu kwenye daftari, ule wa Ramadhani. Akausoma polepole, kidole kinafuata mistari: magoti, kutapika, nimelia, magoti. Akaniuliza kama naweza kumshonea binti gauni lenye mikunjo mingi kifuani ili aonekane amejaa kidogo. Hilo naliweza, nikamwambia, tena bila kutapika. Harusi ilikwisha, gauni lilipendeza.

Vidonge nimeacha. Mkojo napima kila mwezi, na povu halijarudi. Karatasi bado inakaa kwenye pochi pamoja na kadi ya bima, daktari hataki itoke humo mpaka mwaka utimie, na ameniambia niionyeshe popote nitakapopasuliwa au kuchomwa ganzi, hata kwa daktari wa meno. Jino la nyuma linanisumbua tangu Ijumaa. Jumatatu naenda nayo.